Nilinunua lenzi mpya iliyoundwa kwa mfano wa ile ya marehemu baba, ikaishia kupimwa kwa tindikali Masumbwe

Wakuu, habari za kazi na pole na majukumu.

Mimi humu ni msomaji zaidi kuliko mchangiaji. Leo naomba nafasi nieleze jambo lililonipata mwenyewe. Sitaongeza chumvi, na penye aibu yangu sitaparuka.

Naishi Kahama. Naandika habari na kupiga picha kwa kujitegemea. Ufundi wa picha nilirithi kwa marehemu baba, aliyekuwa mpiga picha wa harusi na vipaimara huko Ushirombo tangu kabla sijazaliwa.

Baba alitumia kamera moja tu maisha yake yote. Ni ya mkanda, aina ya rangefinder. Kwa wasioijua: ukichungulia kwenye kitundu chake unaona mtu mmoja kama wawili, kivuli pembeni ya kivuli. Unazungusha ringi ya lenzi mpaka wale wawili wanakuwa mmoja. Hapo ndipo fokasi imekaa.

Kamera hiyo aliachiwa na padri mmoja wa Kizungu aliyekuwa anarudi kwao. Ilikuja na lenzi ya 50mm, nyeusi, ndogo kama kikombe cha kahawa. Wajerumani waliacha kuitengeneza zamani sana.

Sasa twende kwenye kisa.

Ushirombo kuna wazee wawili, Baba Deo na Mama Deo. Harusi yao ilipigwa picha na baba yangu, kwa kamera hiyo na lenzi hiyo. Picha yenyewe ipo sebuleni kwao hadi leo: wamesimama mbele ya nguzo ya kanisa, yeye na suti ya kuazima, mama na shela. Kona ya chini, karibu na kiatu cha bibi harusi, kuna mstari mwembamba umepinda. Sisi watoto tulikuwa tunasema ni mkwaruzo wa negativu.

Mwaka huu wakafikisha jubilei ya dhahabu, miaka hamsini ya ndoa. Mama Deo akanipigia simu.

"Baba Kulwa, tunataka ile ile. Nguzo ile ile, kamera ile ile. Na usichelewe, maana mwenzangu macho yanaondoka."

Hilo ndilo lililonibana, wakuu. Baba Deo ana presha ya macho. Jicho la kushoto limeshazima. La kulia daktari alimwambia asitegemee kulifikisha mbali. Miguu nayo imechoka, akisimama dakika moja inaanza kutetemeka. Kwa hiyo haikuwa picha ya kuning'iniza tu ukutani. Ilikuwa lazima ipigwe na kuchapwa wakati bado kuna jicho la kuitazama.

Nikaitoa kamera kabatini. Mwili wake ulikuwa mzima. Lenzi ndiyo iliyokuwa imeliwa na ukungu ndani. Nilimpelekea fundi Mwanza, akaimulika na tochi, akanirudishia bila kuifungua. "Huu ukungu siyo uchafu," akasema. "Umeshakula kioo." Ukipigia picha inatoka kama umepigia ndani ya chandarua.

Kutafuta nyingine ya zamani, iliyo nzima, ni bei ya kiwanja Kahama mjini. Nikaacha.

Ndipo nikakutana mtandaoni na hizi zinazotengenezwa upya siku hizi. Wachina wamechukua ramani ya lenzi ile ya zamani, mpangilio ule ule wa vioo, umbo lile lile, mwili wa shaba uliopakwa rangi nyeusi. Bei ni kama bodaboda iliyotumika. Nikajipapasa, nikaagiza. Ilifika Dar, kisha ikapakiwa basi mpaka Kahama, ndani ya boksi lililofungwa kwa gundi utadhani limebeba mayai.

Nitoe tathmini fupi kwa wapenzi wa vifaa. Ni nzito kuliko inavyoonekana. Ringi inazunguka laini kama kijiko kwenye asali. Nilisafisha mkanda mmoja wa majaribio bafuni, kwa vifaa vya baba, na katikati ya picha ni kali, kingo zinalainika, na penye mwanga mkali panatoka ule ung'avu kidogo ninaoujua kwenye picha za baba. Sikutegemea.

Hapa ndipo nilipofanya ujinga.

Lenzi ya baba ilikuwa imechubuka kwa miaka ya kushikwa, shaba ya njano ikachungulia chini ya rangi nyeusi. Hii yangu ilikuwa inang'aa kama kiatu cha dukani. Nikaona aibu kwenda nayo kwa wazee waliosema "ile ile". Nikachukua msasa laini, nikaisugua kingo zote mpaka njano ikatokeza. Mtandaoni kuna watu wanafanya hivyo na kusifiana. Wao hawaishi kwenye ukanda wa dhahabu.

Jubilei ilikuwa Jumamosi. Alhamisi asubuhi nikaondoka Kahama, na njiani nikaingia Masumbwe kwa rafiki yangu mmoja, Mama Shija. Ana mwalo wake, yaani sehemu ya kusaga mawe na kuchenjua dhahabu. Nilitaka kuijaribu lenzi tena kwenye vumbi la karasha, ile mashine ya kusaga mawe, na nyuso za watu walio kazini. Nikamweleza habari ya jubilei, nikapiga nusu saa. Nilipomaliza niliichomoa lenzi, nikaivika soksi, nikaitia mfukoni. Kamera nikaivaa shingoni.

Getini, mlinzi akanisalimu huku akinipapasa kama anavyompapasa kila mtu.

"Mwangaluka, mwandishi. Mfukoni kuna nini kizito hivi?"

"Lenzi."

Akaivua soksi. Akaigeuza juani. 

Wasiojua maeneo haya waelewe kitu kimoja. Mwaloni dhahabu haitembei ikiwa njano. Inakuwa imeng'ang'ania kwenye kaboni, zile chembe za mkaa zinazoinasa wakati wa kuchenjua, nyeusi tii. Kwa hiyo mlinzi wa huku hafundishwi kutafuta kinachong'aa. Anafundishwa kutafuta cheusi kizito. Na wiki ile ile Mama Shija alikuwa ameibiwa kaboni. Mimi nimekuja na cheusi, kizito, kimechubuka, na chini yake njano. Ndani ya soksi.

Mama Shija akaitwa.

"Mama Shija, unanijua," nikasema.

"Nakujua sana, Baba Kulwa. Na wote walioniibia nilikuwa nawajua."

"Hiki ni kifaa cha kamera. Kina kioo, chungulia."

"Kioo nakiona. Nauliza hiyo njano."

"Ni shaba."

"Shaba nani anaipaka rangi nyeusi?"

"Kiwandani wameipaka."

"Na nani ameikwangua?"

 Ningesema nini? Kwamba nimenunua kitu kipya nikakikwangua kionekane kikuukuu? Vijana wa karasha walishajaa, wakacheka mlinzi alipoeleza habari ya soksi. Mmoja akadakia, "Wewe bhebhe, kaboni ya siku hizi imevalishwa na soksi kabisa!"

Mama Shija akatoa kichupa cha tindikali kwenye pochi, kama mwanamke mwingine anavyotoa mafuta ya mdomo.

"Tone moja tu. Dhahabu haichemki. Ikikaa kimya, tunaongea mengine. Ikichemka, nakuomba radhi."

Nikamsihi asiguse kioo. Hakugusa. Akaweka pembeni, palipochubuka zaidi, karibu na ringi ya fokasi. Tone moja likawa matatu, maana vijana walikuwa wanatusukuma kwa nyuma.

Ikachemka. Povu la kijani, harufu ya kukereketa pua.

"Shaba!" vijana wakapiga kelele, kama timu yao imefungwa.

Mama Shija akacheka mpaka akashika kiuno. "Watu wana jubilei ya dhahabu, na wewe unawapelekea shaba! Nisamehe, baba." Akaagiza maji, tukasuuza, tukapangusa na kitambaa chenye magadi. Akanilazimisha kula wali na samaki ndipo niondoke. Sikumlaumu. Hata leo simlaumu.

Nilipofika Ushirombo ndipo nikagundua. Tindikali ilikuwa imepenya kwenye hesi, zile njia za skrubu ndani ya ringi. Ringi ikagoma. Haiendi mbele, hairudi nyuma. Imeganda kwenye umbali wa kama mita tatu na nusu. Ijumaa nzima niliihangaikia kwa mafuta na kitambaa cha moto. Ilikuwa kama imepigwa welding.

Fundi wa kuifungua hakuna. Lenzi nyingine hakuna. Ningeweza kupiga kwa simu, lakini siyo walichoomba.

Jumamosi, misa ikaisha, watu wakatoka na vigelegele. Baba Deo akasimamishwa mbele ya nguzo, Mama Deo kando yake, wajukuu wakasogezwa pembeni. Mimi nikachungulia. Naona Baba Deo wawili. Ringi haigeuki, basi ninayepaswa kutembea ni mimi. Hatua mbele, nusu hatua nyuma. Wakikaribia kuwa mmoja, mzee anayumba. Magoti yameshaanza. Mara ya tatu binti yao akamletea kiti, akaketi, jasho linamtoka.

Mama Deo akanifuata.

"Wewe mbona unacheza ngoma? Hebu lete hiyo nione." Akaishika lenzi, akaipitisha kidole. "Hii siyo ya baba yako."

Akaigeuza tena mkononi.

"Ile ilichubuka hapa tu, mahali pa kidole gumba. Hii imechubuka kila mahali, kama imeng'atwa na panya."

"Mama, ile imekufa. Hii ni mpya, imetengenezwa kwa kuiga. Halafu nimeiharibu, imeganda. Inaona umbali mmoja tu."

Nilidhani atakasirika. Akanitazama kama mtu anayeongea na mtoto.

"Sasa si upime? Baba yako naye alikuwa anatupima kwa kamba, kama fundi jeneza. Mwenzangu alikuwa amekunywa kidogo siku ile, hawezi kutulia. Baba yako akasema ketini kwanza. Akapima, akafunga fundo, akatwambia simameni, akapiga, tukaketi. Huijui kamba ya baba yako?"

Sikuijua. Nilipokuwa mkubwa wa kumsaidia, mkono wake ulishazoea, hakuhitaji kamba tena.

Tukakata kamba ya katani kwenye turubai. Niliilenga ile nguzo mwenyewe, nikasogea taratibu mpaka nguzo mbili zikawa moja, kisha binti yao akavuta kamba kutoka kwenye nguzo mpaka kwenye kamera, nikafunga fundo. Mzee bado ameketi anakunywa maji. Kiti kikasogezwa hadi kwenye nguzo. Mama Deo akashika ncha ya kamba kifuani kwa mumewe, mimi nikashika fundo shavuni, nikarudi mpaka ikanyooka.

"Haya simama, baba," akamwambia. "Ni kama siku ile. Safari hii angalau hujalewa."

Akasimama huku anacheka. Kwenye kitundu walikuwa mtu na mkewe, kila mmoja mmoja. Nikaidondosha ncha yangu ya kamba, nikapiga mara nne. Akaketi.

Mkanda niliusafisha kwa baba mdogo siku ya pili, dirisha limezibwa na blanketi, na picha nikaichapa kwa mashine ya baba iliyobaki pale kwake. Jumatatu nikawapelekea.

Baba Deo akaishika, akaileta karibu na jicho la kulia, karibu mno, pua inagusa karatasi. Akaipeleka taratibu kutoka juu hadi chini.  Mama Deo alikuwa amekunja kanga mkononi.

"Unaniona?" akamuuliza.

"Nakuona. Na kamba naiona. Hukuiachia."

Kweli. Kona ya chini, karibu na kiatu cha Mama Deo, kulikuwa na mstari mwembamba umepinda. Nikainua macho, nikaitazama ile ya zamani ukutani.

Wakuu, ule haukuwa mkwaruzo wa negativu.

Kwa ufupi, niliyojifunza: hizi lenzi mpya za mfano wa zamani zinastahili pesa yake, mimi sijutii kununua. Lakini nunua kipya ukiseme ni kipya. Uchakavu uachie mikono yako na miaka. Na kama unaishi kati ya Kahama na Geita, usitembee na kitu cheusi chenye njano ndani ya soksi.

Lenzi ilifunguliwa baadaye na sonara mmoja wa hapa Kahama, ana vyombo vidogo kuliko vya fundi yeyote wa kamera. Ringi inazunguka tena, kwa kukwaruza kidogo. Doa la tindikali nimekataza lisipakwe rangi. Ndilo chubuko la halali pekee lililopo. Kamba ya katani naitunza kwenye begi la kamera.

Mwenye lenzi kama hii aje na picha zake tuone. Mwenye kumjua fundi wa lenzi huku Kanda ya Ziwa asiwe mchoyo. Na kama mzee wako alikuwa mpiga picha, hebu angalia kona za picha zake, kisha urudi utuambie umekuta nini.