Mama Kinanda Aimba Tena, Sasa kwa Besi

Asubuhi hii chumba cha kufulia cha hospitali kimejaa mvuke. Mwanamke mwenye aproni ya bluu anatoa shuka kikapuni, analikung'uta, analitandaza mezani na kulipiga pasi. Anaimba wimbo wa kumshukuru Mungu, kwa sauti nzito yenye mkwaruzo.

"Ukiwa nje utadhani tumeajiri mwanamume," anatania mfuaji mwenzake.

Hapa wote humwita Mama Kinanda. Zamani sauti yake, nyororo kama kinanda, ndiyo iliyokuwa ikiongoza kwaya ya kanisani kwao.

Mwaka juzi uvimbe ulimwota shingoni. Ukakua hadi akawa analala ameketi, maana akijinyoosha tu pumzi inakata. Daktari hakumficha: lazima apasuliwe, na huenda sauti isirudi.

"Nililia mpaka machozi yakakauka," anasema. "Nikamwambia Mungu, sauti ulinipa wewe. Ukiichukua nitaumia, lakini sikuachi."

Alipozinduka baada ya upasuaji, alipumua vizuri. Akafungua kinywa amwite mumewe. Ukatoka upepo mtupu.

Miezi ikapita. Watoto akawa anawaita kwa makofi. Jumapili alivaa joho, akasimama mahali pake kwenye kwaya, akichezesha midomo bila sauti.

"Nilimuuliza, unakwenda kufanya nini na huimbi?" anasimulia mumewe, fundi seremala. "Akanionyesha juu kwa kidole, akatabasamu. Nyumba ilikuwa kimya, bwana! Kimya cha kutisha."

Kisha siku moja maziwa yakafurika jikoni.

"Nikapiga kelele, 'Maziwa!'" anasema Mama Kinanda, akiweka pasi pembeni ili acheke vizuri. "Baba watoto akaja mbio. Hata jiko hakuliangalia. 'Sema tena!' Nikasema, 'Maziwa!' 'Tena!' 'Maziwa!' Tukakumbatiana tunalia, na maziwa yenyewe yakaisha yote sakafuni. Mungu apewe sifa!"

Sauti ilirudi nzito, ndipo mwalimu wa kwaya akamhamishia mstari wa besi, katikati ya wanaume. "Wananitunza kama shemeji yao," anasema.

Jumamosi hii, kwa ruhusa ya muuguzi mkuu, atatembelea wodi ya wagonjwa wanaosubiri kupasuliwa koo.

"Sitawadanganya kwamba kila sauti hurudi. Nitawaambia niliogopa sana, na katika woga ule Mungu hakunipa kisogo. Wakitaka, nitawaimbia. Wasipotaka, nitakaa nao tu."