Siku Boti Ilipoingia Silanga ya Kokoo Nasieku

Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini alasiri boti ilipoingia Kitengela. Nina hakika, kwa sababu tulikuwa tukicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, kando ya barabara ya Namanga, na saa ya ukutani ya duka la ng'ambo ndiyo iliyotuambia muda wa kurudi nyumbani. Lori lilikuja polepole likivuta trela, na juu ya trela kulikuwa na kitu cheupe, kirefu, chenye pua iliyochongoka.

"Ni ndege," alisema rafiki yangu Lemayian. "Wameikata mabawa ndio itoshee barabara."

Hakuna aliyembishia. Ndege tulizijua, zilishuka Nairobi kila siku juu ya vichwa vyetu. Boti tulikuwa tumeiona kwenye kitabu cha kusomea tu, tena imechorwa vibaya.

Wenzangu mliokulia kule mnaikumbuka Kitengela ya kabla ya maghorofa. Nyasi zilianza nyuma ya choo cha mwisho. Kiangazi kikikaza, punda milia walisogea hadi kwenye ua wa kanisa. Asubuhi tulikula muthokoi uliolala, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, ukiwa baridi na mtamu kuliko ulivyokuwa jana yake, kisha tukaenda shule miguu yetu ikiwa na rangi ya barabara. Beseni moja la maji liliogesha watoto watatu, mdogo akianza, na maji yaliyobaki yakapewa mche wa mpapai. Mama alikuwa na neno lake: "Mwaga tu. Lakini usinijie ukisema uko na kiu." Leo watoto wangu husukutua meno bomba likiwa wazi, na nikisema kitu wananitazama kama redio ya zamani.

Trela liliingia uani kwetu. Baba alikuwa fundi wa malori na mashine za kusaga, Mkamba aliyetoka Machakos na sanduku moja la spana. Mwenye boti alikuwa amehama Naivasha na kununua shamba upande wetu. Alitaka kuiuza ile boti, lakini mguu wake ulikuwa umefunguliwa kwa matengenezo na haujarudishwa. Vipande vilikuja ndani ya gunia.

Mguu ndilo jina tulilolitumia. Injini ya boti ile ilikaa ndani, kama ya gari, lakini nyuma kulikuwa na tundu, na kwenye tundu hilo ulifungwa mguu wa chuma ulioning'inia nje na kuishia kwenye propela. Baba aliupanga juu ya turubai, kipande baada ya kipande, akatuita. Alituonyesha jinsi nguvu inavyotoka kwenye injini ikiwa imelala, ikakuta gia, ikasimama na kushuka ndani ya mguu, ikakuta gia nyingine, ikalala tena na kuizungusha propela. Nimesoma vitabu vingi vya mashine tangu siku hiyo, vyote kwa kujifundisha mwenyewe, na bado sijaona jambo lililonishangaza kama lile: nguvu kupinda mara mbili ndani ya chuma bila kuvunjika.

Kuurudisha kulichukua siku nyingi. Kulikuwa na mpira wenye mikunjo kama kodiani, wa kuzuia maji yasiingie ndani ya boti, na mpira huo ulimtoa Baba jasho. Meno ya shafti, ule mhimili wa mguu, nayo yalikataa kuingia kwenye injini. Baba hakupiga nyundo. Aliyapaka grisi, akauegemea mguu kwa bega, akamwambia Lemayian aizungushe propela polepole kwa mkono. Ghafla tukasikia "tok", na mguu ukateleza hadi mwisho kama droo inayofungwa. Baba akacheka peke yake.

Kisha akafanya kosa ambalo angelifanya fundi wa nchi kavu tu. Aliiwasha injini palepale uani. Ilinguruma vizuri, majirani wakaja, na kabla hatujamaliza kushangilia tukasikia harufu ya mpira unaoungua. Lori hubeba maji yake ndani ya redieta, lakini boti haibebi maji. Hunywa njiani, kupitia mguu huo huo, kwa pampu yenye kigurudumu cha mpira, na kigurudumu hicho kikizunguka kikavu huungua upesi. Ilibidi tungoje kingine kitoke Mombasa. Baba aliutundika ule mpira ulioungua ukutani, na mtu akiuliza alijibu, "Huyo alikufa na kiu Kitengela."

Mwenye boti alikuwa amepata mnunuzi, ila mnunuzi alitaka kuiona ikienda majini. Na majini, kwetu, kulikuwa na mahali pamoja tu: silanga ya Kokoo Nasieku, nyanya yake Lemayian, bwawa la kuchimbwa upande wa kuelekea Kajiado. Ulikuwa ukame ule wa mwaka wa elfu mbili. Silanga nyingine zilikuwa zimebaki tope lenye nyufa. Yake ilichimbwa ndani sana na mumewe, na katikati bado ilikuwa na kina cha kumzidi mtu mzima. Ng'ombe wake wote walikunywa hapo.

"Kokoo, takwenya," Baba alimsalimu kwa Kimaasai.

"Iko," aliitikia, kisha akamwita kwa jina langu. "Baba Mwikali, nasikia unataka kuosha gari yako kwa maji yangu."

"Si gari, Kokoo. Ni boti. Inaelea juu, dakika chache tu, halafu inatoka."

"Iko na mafuta?"

"Iko nayo, lakini imefungiwa ndani."

"Hata mbuzi hufungiwa ndani, na asubuhi unapata iko kwa shamba ya watu." Wanawake waliokuwa karibu wakacheka. Kokoo hakucheka. "Sawa. Ilete. Lakini ikitoka, wewe ndio utakunywa kwanza. Ng'ombe wangu watakunywa nyuma yako."

Baba hakulala vizuri juma hilo. Aliufungua tena mguu, akauning'iniza ndani ya pipa la maji, akaingiza hewa kwa pampu ya baiskeli, tukatafuta mapovu kama watu wanaotafuta pancha. "Hewa haina aibu," alisema, "itakwambia." Na kweli, kipovu kimoja kikatoka kwenye skrubu ya kumwagia oili. Washa yake, kile kipete cha kuziba, ilikuwa imekwisha. Akaweka nyingine, akapiga pampu tena, tukakodoa macho mpaka yakauma. Hakuna povu. Akaurudisha mguu mahali pake.

Siku ya siku, ukingo wa silanga ulijaa watu. Trekta ililisukuma trela kinyumenyume, na boti ikaelea. Wazee walishika midomo. Baba akawasha, akasukuma mkono wa gia mbele, na boti ikaenda nyuma moja kwa moja kuelekea watu. Tulikimbia, wengine wakaacha viatu. "Fundi, hiyo imezoea kurudi Naivasha!" mtu akapiga kelele. Baba alizima, akainama nyuma ya injini, akakuta waya wa gia ameufunga upande usio wake. Akaubadilisha, akawasha tena.

Safari hii ilienda mbele. Pua ikainuka, na nyuma yake maji yakagawanyika na kusimama kama mgongo. Sikuwa nimewahi kuona wimbi. Lilitujia likiwa jeusi na zito, likagonga ukingo, likatulowesha magoti, likarudi, na jingine likaja. Maji tuliyoyajua sisi yalikaa kwenye mtungi na kunyamaza. Kokoo Nasieku alifunika mdomo kwa kiganja.

"Enkare inatembea," alisema. Maji yanatembea.

Boti ilizunguka silanga, ikazunguka tena. Mnunuzi alikuwa anapeana mkono na mwenye boti Baba alipozima injini ghafla. Aliuona kabla yetu: nyuma ya propela, juu ya maji, upinde wa mvua ulikuwa ukitanuka taratibu.

Mguu haukuvuja. Baba alitueleza baadaye. Moshi wa lori hupanda juu, lakini moshi wa boti ile ulipita ndani ya mguu na kutokea chini ya maji, na injini baridi hutema petroli isiyoungua. Tulikuwa tumejaribu kila mahali pa kuvujia, tukasahau mahali pa kupumulia.

Mwenye boti alimnong'oneza Baba, nami nikasikia: "Macho ya huyu mama hayafiki huku. Kunywa, sema ni safi, twende."

Baba alichota kwa mikono, pale penye rangi. Akaonja, akatema. Kisha akapanda ukingo hadi kwa Kokoo, maji yakimtiririka kwenye suruali.

"Iko na petroli, Kokoo. Zuia ng'ombe."

Kokoo akawageukia vijana wake na kuwaamuru wakate matawi ya miiba waizibe njia ya kushukia. Sisi watoto tulikusanya mafuta juu ya maji kwa sahani na mabeseni mpaka jua likazama. Siku zilizofuata Baba alinunua maji ya kisima na kuyaleta kwa trekta, mpaka upepo na jua viliposafisha silanga. Kisha akarudi na kunywa tena mbele ya Kokoo, na safari hii akameza. Hakufa ng'ombe hata mmoja.

Silanga ile imefukiwa. Juu yake kuna nyumba za kupangisha, kila moja na tangi lake jeusi juu ya paa na ukuta wake wenye chupa zilizovunjwa. Vijana wetu wameona mawimbi ya bahari zote kwenye simu zao na hayawashtui, nami siwalaumu, kwani hayakuwahi kuwalowesha magoti. Lakini nikipita pale huwaza kama leo kuna mtu angeniambia nizuie ng'ombe wangu. Malipo yote ya kazi ile Baba aliyamaliza kwa maji ya mifugo isiyo yake: shilingi elfu sita na mia mbili.