Paji la Uso Chini ya Mawe

Esekon Lopeyok alitembea miaka ishirini na sita akiangalia chini, magharibi mwa Ziwa Turkana, akitafuta mifupa iliyogeuka mawe. Alipata nguruwe wasio na idadi, viboko, twiga mmoja mwenye shingo fupi, na watu watatu. Waliohesabiwa ni hao watatu.

Nikisema watu, nalitumia neno hilo kwa ukarimu. Walitembea kwa miguu miwili, lakini ubongo wao ungeenea kwenye kibuyu kidogo cha maziwa. Wengi hudhani wanadamu walipanga foleni, wa kwanza kainama, wa mwisho kanyooka, na huyo wa mwisho ni sisi. Ardhi yetu haioneshi foleni. Inaonesha ukoo mkubwa wa binamu, wengine wakiishi wakati mmoja kando ya ziwa hilohilo, na karibu wote waliisha bila kuacha mtoto. Hawakukosea kitu.

Msimu wa mwisho macho ya Lopeyok yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na kambi ya watafiti iliyomwajiri ilikuwa inapunguza watafutaji. Mbuzi wake walikwisha kwa ukame; hakuwa na kazi nyingine. Ewoton, msimamizi ambaye Lopeyok mwenyewe ndiye aliyemfundisha, alimweleza bila kuzunguka kwamba asipopata mtu kabla ya mvua, kazi yake basi.

"Nguruwe wako wanatosha kujaza boma, mzee," alisema. "Safari hii niletee mwenye ukoo."

Siku ya kumi na moja akamwona: nundu ya juu ya macho, imechomoza kwenye udongo, chini kidogo ya tabaka la majivu ya volkano. Hapo sheria ni moja: usiguse. Ukiung'oa mfupa umeutenga na majivu, na majivu ndiyo yanayotoa umri wake. Unarundika mawe machache kando, unakwenda kuita wenzako. Lopeyok akarundika. Kambini gari lilikuwa bovu. Walifika pale siku ya tatu.

Rundo lilikuwa limefika kiunoni, na mawe makubwa kuliko yote yalikuwa yamelalia mfupa wenyewe. Bondeni alikuwepo mama mmoja, jina lake Nakuleu, na mbuzi wake. Hakuficha kitu. Alikuwa amepita, akaona kaburi lililofunuliwa na maji, akashinda kutwa nzima akilifunika. Mgongo ulikuwa bado unamuuma.

"Ulijuaje ni mtu?" Ewoton alimuuliza.

"Si nyinyi mliomwekea mawe? Nguruwe huwekewa mawe?"

Chini ya rundo walikuta mfupa umepondeka kuwa unga, na vipande vya ukubwa wa punje za mtama. Mtaalamu wa mifupa alivichekecha wiki nzima, kisha akaandika kwamba huenda ni mtu, huenda ni nyani, haiwezekani kusema.

Lopeyok alimwomba Ewoton aandike kwamba yule mama alimtambua kuwa ni mtu.

"Mzee, yule hajasoma mifupa."

"Mimi nilisomea wapi?"

Ewoton aliinamia fomu yake. Ilikuwa na nafasi ya mnyama, tabaka na tarehe. Mahali pa mnyama akachora mstari mtupu.

Lori la maji lilimshusha Lopeyok mjini Lodwar, nyumbani kwa binti yake. Mwaka uliofuata macho yakapofuka kabisa.