Bafle za Yaya Gwiza

Yaya Gwiza, dada yangu mkubwa, anashona sare za wanafunzi hapa Uvira, na katika kwaya ya kanisa letu anaimba alto. Naanza na hiyo alto kwa sababu hasira yangu inaanzia hapo. Soprano husikika hata akikosea. Besi akinguruma, watu humpigia vigelegele. Alto yuko katikati, anaushikilia wimbo usianguke, na hakuna anayejua kama yupo. Kwaya ilipotoa nyimbo zake kwenye flash, tulizipiga zote nyumbani kwake, tukasikia ngoma, kinanda na wale mama wawili wa soprano wanaojipenda. Mume wake, Ngoga, akamuuliza kwa utani, "Na weye ulienda kufanya nini kule? Kubeba viti?"

Watu wakacheka. Yaya hakucheka.

Tangu hapo akaanza kutafuta spika, au bafle kama tunavyosema huku. Hakutaka za kupigia mtaa mzima kelele, alitaka za kuweka ndani na kuzeeka nazo. Alikuwa na kipimo kimoja: alitembea na ile flash mkobani, na bafle ambayo haikumsikilizisha sauti yake mwenyewe aliiacha palepale dukani. Wauza bafle wa soko letu wanajua kitu kimoja tu, kuzungusha kitufe mpaka mwisho. Mmoja, Dieudonné, alitikisa rafu zake mpaka betri zikaanguka chini.

"Mama, sikia namna iko inapiga!"

"Shusha kidogo."

"Nishushe? Sasa utasikia nini?"

"Miye niko natafuta sauti ya muntu. Ya ngoma niko nayo kwa jirani, tena bure."

Dieudonné akamwambia alete mume wake, atamwelewesha. Mjinga! Mimi nilikuwepo, na kama si heshima ya yaya ningemjibu.

Mwishowe alizipata Kamanyola, alikokwenda kununua vitambaa. Mama mmoja mjane, Nduwimana, alikuwa na bafle mbili za mbao, nzito, alizoachiwa marehemu mume wake na padri mmoja alipokuwa akirudi kwao Ulaya. Juu ya moja alikuwa ameweka mtungi wa maji, nyingine ilikuwa kiti cha wageni. Yaya alizipangusa, akaomba ziunganishwe, akachomeka flash. Alinisimulia kwamba aliposikia wimbo wa kwanza alikaa chini bila kutafuta kiti. Aliisikia alto yake, ndogo lakini nzima, ikipita kati ya wenzake kama uzi kwenye kitambaa. Mama Nduwimana akamwuliza kama anaumwa.

Akazinunua, akaziweka sebuleni kwake, akazishonea vifuniko. Akapanga kwamba Jumapili, baada ya kula, atamkalisha Ngoga amsikilizishe. Hilo tu ndilo alilolitaka kwa bafle zile zote: mume wake amsikie mara moja.

Jumamosi Ngoga akaziazimisha kwenye harusi.

Najua desturi. Huku kwetu mwenye harusi hanyimwi kiti, hanyimwi sufuria wala shitingi ya kuzuia jua, na bafle nazo zimeingia humo humo. Lakini mwenye kitu huulizwa! Yaya alirudi kutoka kazini akakuta vifuniko vyake vimekunjwa juu ya kochi.

"Ngoga, bafle zangu ziko wapi?"

"Ndugu yetu Mugabo alikuja kuziomba. Mutoto wake iko anaoa, ningemukatalia namna gani?"

"Ungesema haziko zako."

"Eh, Gwiza! Bafle njo bafle, zote ni za kupigia muziki."

Kule harusini wakaziweka uani, wakaziunganisha na mtambo wa mpiga muziki wa harusi, na watu walipoanza kukata keki jamaa akafungulia mpaka mwisho. Zikalia vibaya, zikatoa moshi. Zililetwa kesho yake zikiwa na michirizi ya mchuzi, pamoja na kasha la soda la kuombea msamaha. Shangazi zake Ngoga wakaja kutuliza mambo. "Maji yakimwagika hayazoleki," walisema, huku wakinywa zile soda. Nilitamani kuwanyang'anya chupa mdomoni. Anayemwaga maji ya mwenzake ndiye hukimbilia methali hiyo.

Yaya alimwita Habonimana, fundi redio wa Kalundu, akamwambia afungue. Ngoga alikaa pembeni, ameinamisha kichwa, akijifanya anasoma simu.

Fundi akatuonyesha. Ndani ya kila bafle mna midomo mitatu. Ule mkubwa wa chini, wa besi na ngoma, ulikuwa umeungua. Mdogo wa juu, wa sauti kali, nao ulikuwa umekufa. Wa katikati ulikuwa mzima.

"Zitaimba, lakini nusu," alisema. "Tujaribu?"

Yaya akachomeka flash. Ngoma hazikusikika. Kinanda kilikuwa mbali kabisa, soprano wamefifia kama wanaimbia nyumba ya tatu. Katikati ya sebule ikasimama sauti moja ya mwanamke, nzito kidogo, isiyo na haraka. Mimi mwenyewe nilisisimka. Ngoga akaweka simu chini.

"Ah," alisema, na uso wake ulikuwa umefunguka kwa kweli. "Huyu mama anajua kuimba. Ni nani?"

Fundi akatazama bisibisi yake. Yaya alimwangalia mume wake, nami nikadhani sasa atalia.

"Ni ule muke anakupikiaka bugali," alisema.

Ngoga akamgeukia fundi haraka, akisema atafute midomo mipya hata Bujumbura, atalipa yeye, zirudi kama zilivyokuwa. Akaanza kuinuka.

"Fundi, usiguse," yaya akasema. "Zibakie vile vile. Na weye Ngoga, ikala hapo kwa kiti. Nyimbo ziko mingi."