Mtihani usiotaka salamu: hofu ya mtengeneza tovuti wa Nsemulwa

Saa tatu asubuhi, Jumamosi. Nje ya nyumba moja ya matofali ya kuchoma, kata ya Nsemulwa mjini Mpanda, mwanamume anapiga hodi kwenye mlango wa nyumba yake mwenyewe.

"Hodi!" Kimya. "Hodi humu ndani!"

Sebuleni, Pudensiana Sylvanus (29) amekaa wima mbele ya kompyuta. Hageuki, haitikii. Ila midomo inamcheza. Mwanamume wa nje anabadilisha sauti, anaifanya ya kizee: "Hodi, mama Recho! Mmeamkaje?"

"Karibu," anaitika Pudensiana, halafu anajipiga kofi la paja. "Ah! Nimeitika tena!"

Anayepiga hodi ni mume wake, Manyanda Malale, fundi pikipiki. Hii ni wiki ya pili, kila asubuhi kabla ya kwenda gereji, anampigia mke wake hodi ili mke wake ajifunze kutoitika. Msomaji unaweza kucheka. Mwandishi wa makala haya naye alicheka, mpaka alipoelezwa sababu.

Jumanne ijayo, saa nne kamili asubuhi, Pudensiana atafanya mtihani wa cheti cha kitaalamu cha utengenezaji wa tovuti. Mtihani unafanyika kwa mtandao. Anayeusimamia ni mtu asiyemjua, aliye nchi asiyoijua, na atamtazama kupitia kamera ya kompyuta kwa dakika tisini. Masharti yake hayana huruma: chumbani asiwepo mtu mwingine, usiongee, usitoke mbele ya kamera. Ukivunja moja tu, mtihani unafungwa hapo hapo.

"Naogopa," anasema. "Na sio kidogo. Tangu juzi chakula hakipiti, nakunywa uji tu."

Anayo sababu, maana ulishafungwa mara moja, na hii ndiyo nafasi ya mwisho. Akianguka tena atasubiri mwaka mzima ndipo aruhusiwe kurudia. Kampuni moja ya Mwanza imeahidi kumpa kazi akiwa hapa hapa Mpanda, mshahara laki saba kwa mwezi, kwa sharti kwamba cheti kifike kabla mwezi huu haujaisha. Kwa sasa mwezi ukiwa mzuri anaingiza laki mbili na nusu, na ukiwa mbaya haingizi kitu.

Pudensiana ni Mpimbwe wa kata ya Mamba, mtoto wa wakulima wa mpunga. Kompyuta alikutana nayo alipoajiriwa kuchapa barua kwenye duka la stesheneri mjini. Siku wateja wakiwa wachache alikuwa anafungua masomo ya bure ya mtandaoni, anayanakili kwenye daftari kwa mkono, kisha anajaribu. Leo ametengeneza tovuti kumi na nne. Kuna ya nyumba ya wageni, ya kwaya, hata ya muuza mbao.

"Watu wanadhani tovuti ni picha na namba ya simu," anasema. "Kuna lugha ya kusimamisha kuta, kuna ya kupaka rangi, kuna ya kufanya mlango ufunguke ukiusukuma. Hizo tatu lazima uzijue kama jina lako. Halafu ifunguke vilevile kwenye simu ndogo ya kioo kilichopasuka. Halafu na mtu ambaye haoni vizuri aweze kuitumia. Halafu ujue kutunza taarifa za watu, ujue na kuweka kufuli. Na mimi kwenye kufuli ndipo nilipoumbuka."

Aliumbuka mwaka jana. Aliwatengenezea tovuti wafugaji nyuki wa Ugalla, wauze asali moja kwa moja kwa wateja wa mijini. Fomu ya kuagizia ikawa nzuri, ila nyuma yake aliiacha wazi, kwa kutojua. Kuna mtu akaingia, akafuta namba ya simu ya kikundi akaweka ya kwake. Siku kumi na moja wateja walikuwa wanatuma pesa kwa mwizi.

"Tulishangaa tu simu za wateja zimekatika," anakumbuka Osward, katibu wa kikundi hicho. "Yeye mwenyewe ndiye aligundua. Alikuja huku kwa pikipiki, analia, mpaka tukaanza kumbembeleza sisi tulioibiwa."

Tangu siku hiyo hofu haijamtoka. Aliona kwamba alikuwa anajenga nyumba za watu na hajui kufunga milango, na kwamba hajui ni mambo mangapi mengine asiyoyajua. Kwa hiyo alipoambiwa kuna mtihani unaopima kila kitu, ukiwamo ulinzi, aliufuata kama mgonjwa anavyofuata vipimo.

Mara ya kwanza ilikuwa Juni. Alisoma miezi mitano. Siku ya siku akamtoa mtoto, akamwambia Manyanda asirudi mpaka saa saba, akafunga mlango. Aliurudishia tu, hakuuloki, maana kuloki mlango mchana, anasema, majirani wangekuja kuuliza kulikoni. Akaanza. Swali la kwanza, la kumi, la thelathini. Alikuwa swali la arobaini na moja kati ya sabini mlango uliposukumwa.

Alikuwa baba mkwe wake, mzee Malale.

Mzee Malale ni Msukuma, mfugaji, anaishi Ugalla na mifugo yake. Alikuwa hajafika mjini miezi miwili. Siku hiyo alikuja kliniki ya macho, akaona apite amsalimie mkwe wake, na mkononi alikuwa na dumu la asali.

Sasa wewe msomaji, kama hukuolewa kwa Wasukuma, unaweza kusema angetulia tu, angempungia mkono. Thubutu! Pudensiana anasema hakuwaza hata sekunde moja. Mwili uliinuka wenyewe. Alitoka kwenye kiti, akapiga magoti sakafuni, akasema, "Shikamoo baba."

Na salamu ya mzee Malale haiishi kwa marahaba. Aliuliza habari za mtoto. Akauliza za Mamba: baba yuko mhola, yaani mzima? Mama je? Mpunga wamevuna magunia mangapi, na je, mvua haikuuharibu? Kila swali lilijibiwa kwa magoti. Kioo cha kompyuta kilikuwa nyuma yake.

"Nilikuwa najua," anasema Pudensiana, sauti imeshuka. "Najua kabisa yule mtu ananitafuta kwenye kamera hanioni, na ananisikia naongea. Lakini namwambiaje baba, subiri kwanza? Namwachaje na salamu yake mdomoni?"

Alipomaliza na kurudi kwenye kiti, kioo kilikuwa na maneno mekundu mawili. Mtihani umefungwa.

Jioni aliwaambia ndugu kwamba amefeli. Ukweli aliujua Manyanda peke yake. Na mzee Malale, aliposikia mkwe wake kaanguka, alirudi Ugalla, akauza mtamba wake mmoja, akamtuma mtu na shilingi laki tano na nusu za kulipia mtihani wa pili. "Mwambieni arudie," alisema. "Mtu hujikwaa."

"Unaona nilipo?" Pudensiana anauliza. "Ng'ombe wake ameuzwa kwa sababu ya salamu yake, na hajui. Nikimwambia, namvunja moyo. Nisipomwambia, je, akija tena?"

Na amekuja. Alhamisi mzee Malale alishuka na basi la Ugalla, akatangaza kwamba safari hii hataki kusimuliwa. Anataka awepo. Ameshachagua mpaka sehemu ya kukaa: kigoda kile pale, pembeni ya meza, ili mkwe wake asiogope.

Manyanda aliposikia hivyo alienda kusimama nyuma ya nyumba kwa muda. "Mimi siwezi kumwambia baba asikae kwenye nyumba ya mwanawe," anasema, anakuna kichwa. "Atauliza kwa nini, na mimi kudanganya sijui. Bora ningekuwa najua."

Hofu nyingine zipo, tena anazitaja. Umeme unaweza kukatika. Bando linaweza kugoma. Mvua za Novemba zimeanza, na mvua ikipiga mabati ya hapa hata mtu na mkewe hawasikilizani, sembuse msimamizi aliye ng'ambo. Lakini hizo, anasema, zikija zimekuja. Inayomkosesha usingizi ni ile ya kigoda.

Hapo ndipo mwandishi alilazimika kusema jambo lililokuwa linamkera tangu asubuhi. Makala haya yatachapishwa. Mzee Malale haoni vizuri, lakini Mpanda ina watu wengi wanaojua kumsomea mtu gazeti.

Manyanda alisema, "Basi usiandike, ndugu yangu."

Pudensiana alikaa ameinamisha kichwa, anakunja na kukunjua pindo la kitenge. "Aandike," akasema hatimaye. "Ila baba asiambiwe na gazeti. Nitamwambia mimi. Leo." Kisha akaomba maji ya kunywa.

Mzee Malale aliingia saa nane mchana akitokea sokoni. Ni mrefu, amekonda, ana fimbo na kofia ya sufu ambayo joto la Mpanda halimvui. Pudensiana alishuka magotini, wakasalimiana kama kawaida, haikurukwa hata salamu moja. Mzee akamgeukia mwandishi.

"Wewe ndiye wa gazeti? Umeandika habari za ng'ombe wangu? Andika alikuwa mweusi mwenye baka jeupe. Mzuri yule, we!"

Pudensiana hakuinuka. "Baba," alisema, "nina neno. Naliogopa sana."

"Sema, mwanangu."

Akasema. Alisema yote, haraka haraka, macho kwenye sakafu: kamera, msimamizi, masharti, swali la arobaini na moja. Manyanda alikuwa amesimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje.

Mwandishi, ambaye amehoji watu wengi kwenye kazi hii, anakiri alitamani naye awe nje.

"Ni siku ile nilipokuletea asali?"

"Ndiyo, baba."

"Nikakuuliza habari za Mamba."

"Ndiyo, baba."

"Na ulikuwa unajua mtihani unafungwa."

"Nilijua."

"Hukunikatiza."

"Ningewezaje, baba?"

Mzee Malale alikaa kwenye kile kigoda alichokuwa amekichagua. Alivua kofia akaiweka gotini. "Miezi mitano," alisema. "Nimekaa kule Ugalla nawaambia watu mkwe wangu ana akili ila bahati hana. Kumbe bahati mbaya yenyewe ni mimi niliyeingia nayo mlangoni." Akacheka, kicheko kifupi kisichomfurahisha mtu. "Mngeniambia, nyie watoto. Mngeniambia tu. Mnaniogopa hivyo?"

Pudensiana alikuwa analia bila sauti.

Manyanda ndiye alijitosa. "Basi Jumanne, baba, ukae hata pale nje, kwa jirani..."

"Hapana," mzee alimkata. "Mimi najijua. Nikiwa hapa nikasikia kikombe kimegonga, nitauliza nani huyo. Maisha yote nimefundishwa kuingia nyumba na salamu, leo nijifunze kuingia kama paka? Siwezi. Jumatatu napanda basi narudi kwangu. Atakayekuja hapa kupiga hodi, mfukuze wewe, Manyanda, kazi hiyo unaiweza." Akamgeukia mkwe wake, sauti ikalainika. "Inuka, mama Recho. Inuka ukasome. Hukunikosea."

Pudensiana aliinuka. Mtu angetegemea sasa apumue, mzigo umeshuka. Mwandishi alimuuliza hivyo alipokuwa anamsindikiza barabarani, jua likiwa limeanza kufunikwa na wingu zito upande wa Ugalla. Alitikisa kichwa.

"Sasa ndiyo naogopa zaidi," alisema. Alisimama. Akatazama nyuma, kwenye nyumba, ambako mzee alikuwa ameshaanza kufunga kifurushi chake. "Unajua miezi yote hii nilikuwa nasema nini moyoni? Nilikuwa nasema, mimi sikufeli, ni baba aliingia. Nikikumbuka wale wafugaji nyuki, najiambia, ah, yale nimeshayajua, asingeingia baba ningepita. Nilikuwa nalala na hilo."

Akijaliwa kupata cheti, anataka kuanza kazi ya Mwanza mara moja, na kila Jumamosi awafundishe wasichana wanne wa stesheneri kile alichojifunza kwa daftari. Majina yao anayo tayari. Wa kwanza ni Vénérande, anayekaa leo kwenye kiti alichokalia yeye. Lakini hayo, anasema, ni ya baada ya Jumanne.

"Yalibaki maswali ishirini na tisa, na nasikia mengi ni ya ulinzi. Sikuyaona hata moja. Jumanne nyumba itakuwa tupu, hakuna wa kunisalimia, hakuna wa kumsingizia. Ndipo nitajua kama kweli ningepita."