Sangari Haifukiwi

Nakumbuka asubuhi moja ya mwezi wa sita, mwanangu, baridi ya Ufipa ikiuma vidole, nilipoingia kwenye bustani isiyo yangu nikaanza kulima kana kwamba nimezaliwa humo. Nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa na afya, nilikuwa na mume, na nilikuwa na uongo mmoja ambao kijiji kizima kilikuwa kimeuamini. Leo nakusimulia nikiwa nimetulia, kwa sababu Mungu alinisaidia mambo yakaishia pazuri. Siku ile sikujua kama yangeishia pazuri.

Tulikuwa tumehamia kijijini mwaka uliotangulia. Ilikuwa miaka ya ujamaa, na kila kaya iliacha mji wake wa zamani ikaja kujenga kwenye mistari, milango ikitazamana. Mimi na mume wangu Deusi tulitembea nusu siku nzima, chungu kichwani, kuku kwapani. Mashamba ya mahindi na ulezi yalikuwa juu huko, penye upepo. Bondeni, kando ya kijito, mwenyekiti wa kijiji alipima vipande vya bustani akampa kila mama kipande chake, tupande kabichi na vitunguu wakati wa kiangazi. Akatuwekea sharti moja tu.

"Kipande kitakachojaa majani tutakichukua, tutampa mwingine," alisema. "Hapa hatukuja kufuga nyoka."

Jirani yangu wa bustani alikuwa Bibi Skolastika. Alikuwa mama mtu mzima, mwembamba, mkali wa macho, ambaye mumewe alikuwa amepofuka. Shamba la mahindi lilikuwa limewashinda wale wazee. Kwa hiyo kile kipande cha bondeni ndicho kilikuwa ghala lao: kabichi zake alibadilishana na majirani kwa debe la mahindi, kwa maharage, kwa ulezi wa uji wa mzee. Ningetaka ulikumbuke hilo, maana mimi nililijua vizuri nikajifanya silijui.

Sasa, bonde lile lilikuwa na sangari. Wewe uliyezaliwa mjini huenda umeiona ukadhani ni majani ya kawaida. Juu inaonekana nyasi nyembamba tu, haina kiburi. Chini ina mizizi mirefu, myeupe, yenye vifundo kama muwa mdogo, inatambaa huku na huku kama nyuzi chini ya mkeka. Kila kifundo ni jicho, na kila jicho ni mche.

Bibi Skolastika hakuilima sangari kwa jembe. Alikuwa na mti mgumu aliouchonga ncha, akaudidimiza ardhini, akaulegeza udongo taratibu, kisha akauvuta mzizi mzima mzima kama mtu anayetoa uzi kwenye nguo asiyotaka kuichana. Akaukung'uta, akauweka kwenye kikapu. Kikapu kikijaa, aliimwaga ile mizizi juu ya mwamba uliokuwa mpakani kwetu, ikaushwe na jua hadi iwe inavunjika, ndipo aichome moto. Kutwa nzima alimaliza tuta moja, akijitahidi mawili.

Nilimcheka. Si kwa sauti, hapana, nilifundishwa adabu kwetu. Nilimcheka na wenzangu kisimani. "Bibi anatafuta hela alizofukia Mjerumani," niliwaambia, nao wakacheka, na kucheka kwao kukanipa kichwa.

Mimi nilikuwa na akili yangu. Sisi Wafipa, mwanangu, tangu zamani tunalima kwa kufukia majani. Tunayakusanya, tunayafunika kwa udongo kwenye vichuguu tunavyoviita intumba, yanaoza humo, yanakuwa mbolea, mwaka unaofuata tunapanda juu yake. Nilijua hivyo kwa sababu mama yangu alifanya hivyo, na mama yake pia. Basi nikajiuliza: kwa nini nihangaike na kikapu, wakati udongo unajua kula majani? Nikamwomba Deusi alete maksai wa kijiji na plau.

Siku Deusi alipofunga maksai, Bibi Skolastika aliinua mgongo akatutazama. Akaja mpakani.

"Shikamoo, Bibi," nilisema.

"Marahaba. Mke wa Deusi, unataka kufanya nini?"

"Nataka kuifukia hii sangari, Bibi, ioze."

Akatikisa kichwa. "Majani mengine ukiyafukia yanakufa. Hii ukiifukia umeipanda."

Nikatabasamu, nikasema, "Asante, Bibi," na kimoyomoyo nikasema, wazee wana maneno. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hiyo niliijua tangu darasa la pili, na miguu yangu miwili ilikuwa mizima, kwa hiyo sikuona inanihusu.

Plau ilipita kwa siku moja. Udongo uligeuka mweusi, mzuri, laini, watu waliokuwa wakipita walisimama kuutazama. Kwenye kugeuza maksai mwisho wa mstari, plau iliingia hatua kadhaa kwa Bibi Skolastika, ikaburuta mizizi yangu ikaiacha kwake. Deusi alitaka kurudi kuiokota. Nikamwambia aache, itaoza.

Nikapanda miche ya kabichi. Nikamwagilia asubuhi na jioni. Wiki ya tatu sangari ikatoka. Haikutoka kama magugu yanavyotoka, hapa moja na pale moja; ilitoka kama ulezi uliopandwa na mkulima hodari. Plau ilikuwa imekata kila mzizi vipande kumi, na kila kipande kilikuwa kimeamka. Nikachukua jembe nikaikatakata kwa hasira. Siku kumi baadaye ikawa maradufu. Kabichi zangu zikadumaa, majani yakageuka rangi ya zambarau, na mpakani, pale plau ilipovuka, matuta mawili ya Bibi nayo yakawa kijani kibaya.

Hapo ndipo bwana shamba alipokuja kutoka Sumbawanga, akiongozana na mwenyekiti, kukagua bustani. Bibi Skolastika hakuwepo. Mumewe alikuwa na homa, naye Bibi alibaki nyumbani kumkanda. Wakasimama kwenye kipande changu, wakatazama.

"Hii sangari imetoka wapi?" mwenyekiti aliuliza. "Mwezi uliopita hapa palikuwa safi, nilipaona kwa macho yangu."

Mwanangu, sikupanga kusema nilichosema. Macho yangu yaliangukia lile rundo la mizizi juu ya mwamba, na mdomo ukafuata macho.

"Imetoka kwa Bibi," nikasema. "Anairundika pale, upepo unaileta kwangu. Hata kwake mpakani imejaa, tazameni."

Wakatazama. Rundo walikuwa wameliona, mpaka walikuwa wameuona. Uongo wenye ushahidi ni mbaya kuliko uongo mtupu. Mwenyekiti aliguna, akasema mtu mzima amechoka, bustani imemshinda, hatuwezi kuacha mmoja akaharibu bonde zima. Na kwa kuwa mimi nilikuwa kijana mwenye nguvu, kipande cha Bibi nikapewa mimi.

Ndiyo ile asubuhi niliyoanza nayo. Niliingia kwa Bibi nikiwa na jembe. Muda si mrefu nikamwona anakuja na mti wake mkononi, hajui lolote, maana tangu jana yake hakutoka kwa mgonjwa. Alisimama.

"Wamekupa?" aliuliza.

"Wamenipa, Bibi."

Alitazama kabichi zake, moja moja, kama mtu anayeagana na watoto wanaopanda lori. Akageuka, akapanda kilima kurudi kwake.

Nikaendelea kulima, ili nisifikiri. Nikalima katikati ya bustani yake, jembe likazama bila kelele. Udongo ulikuwa mwepesi kama unga. Nikatafuta mzizi wa sangari, sikuupata. Nikaenda tuta la pili, sikuupata. Nikapiga magoti, nikachimba kwa mikono hadi kwenye kiwiko. Hakuna hata uzi. Miezi yote ile niliyomcheka, mama yule alikuwa ameisafisha ardhi hadi ndani, peke yake, kwa kijiti. Uchafu wote uliokuwemo ulikuwa kwenye yale matuta mawili ya mpakani, na uchafu huo ulikuwa wangu.

Nililia pale pale. Kisha nikaosha mikono kijitoni na kwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti, kabla miguu haijabadili mawazo. Nilimkuta anakula.

"Nimesema uongo," nikamwambia, hata hodi sikumalizia. "Sangari ni yangu. Niliilima kwa plau, ikaenda kwa Bibi. Mrudishieni bustani yake."

Aliweka tonge chini. Alinigombeza, mwanangu, sijapata kugombezwa vile tena mpaka leo. Akasema uongo niliusema mbele ya watu, nitaufuta mbele ya watu. Kesho yake akina mama wote wa bondeni waliitwa, na Bibi Skolastika akiwemo, nami nikasimama nikasema neno kwa neno nilichofanya. Na nikuambie kitu cha ajabu: nilipomaliza neno la mwisho, nilisikia hewa inaingia kifuani kama sikuwa nimevuta pumzi kwa siku tatu. Niliona aibu, ndiyo, aibu kubwa, lakini nilikuwa mwepesi. Mficha uchi hazai, walisema wahenga; mimi naongeza kwamba hata kulala halali.

Mwenyekiti akamgeukia Bibi. "Bustani yako umerudishiwa. Na huyu tumfanyeje? Tumnyang'anye yake?"

Bibi Skolastika alinitazama muda mrefu.

"Mkimnyang'anya," alisema, "sangari yake ataichimba nani? Mwacheni nayo. Aitoe yote, kwake na kwangu mpakani. Ila mimi simsaidii."

Na kweli hakunisaidia. Usidhani alinisamehe siku ile. Alikuwa na haki ya hasira yake, na aliitumia. Nilimwamkia kila asubuhi, alijibu "marahaba" akaendelea na kazi. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Nilichonga mti wangu. Nikang'oa kabichi zile zilizodumaa, nikaanza upya, tuta kwa tuta, nikivuta mzizi mzima mzima. Ukinikatikia chini niliufuata hadi niupate.

Wiki ya pili, bila kuniangalia, alisema, "Mwagilia kwanza jioni. Udongo mkavu unaukata mzizi." Wiki ya nne akasema, "Ukimaliza usipande. Mwagilia, usubiri ijitokeze iliyojificha, uitoe tena. Halafu tena." Siku nyingine akaniagiza nichimbe mfereji mpakani, wa kina cha goti, ili ya porini isitambae kuingia. Maneno yake yalikuwa machache kama mvua za mwezi wa kumi, na mimi niliyapokea vivyo hivyo, kwa kiu.

Mara ya kwanza nilipomwagilia na kusubiri, ilitoka nyingi. Mara ya pili ikatoka kidogo. Mara ya tatu nilisubiri siku kumi, nikaogopa hata kwenda kutazama. Siku ya kumi na moja Bibi Skolastika aliruka mfereji akaingia kwangu, mara ya kwanza tangu siku ile. Akadidimiza mti wake katikati ya tuta, akaubinua. Akachukua udongo kiganjani akauvunjavunja. Akaenda tuta jingine, na jingine, hadi la mwisho, nami nikimfuata nyuma kama mtuhumiwa.

"Hakuna," alisema.

"Hakuna kabisa, Bibi?"

"Hakuna, mwanangu. Panda."

Mwanangu! Hakuwa ameniita hivyo tangu tufahamiane. Nilikaa chini juu ya udongo nikacheka na kulia kwa pamoja, naye akanitazama kama mtu anayetazama kichaa, mwisho akacheka pia. Jioni ile alinipeleka kwake nikamwamkie mzee, nikala nao ugali wa ulezi.

Basi shika haya. Kama una bustani yenye sangari, iwe huko kwenu mjini, Izia, nyuma ya nyumba au popote, usiikatekate, usiilime kwa pupa, usiifukie. Ilegeze, itoe nzima, ikaushe juu ya jiwe, ichome. Mwagilia, subiri, rudia bila kuona haya ya kurudia. Na ukishapanda, panda pia maboga au maharage yatambae yafunike udongo, maana udongo ulio wazi hualika wageni. Mtu mzima akikuambia jambo la kazi aliyoifanya miaka mingi, muulize kwa nini kabla hujatabasamu. Na ukikosea, kosa ni lako, liokote mapema likiwa bado moja. Usimwekee jirani kwenye tuta lake. Utaogopa kusema, najua, hata mimi niliogopa; lakini hakuna usingizi mtamu kama wa mtu aliyekwisha kusema.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe mikono isiyochoka upesi, na majirani wakali wenye mioyo ya haki. Siku utakapokosea, akupe miguu ya kwenda kusema. Bustani yako ikulishe wewe, na ikulishie wazee wako, amina.