Injini Aliyoipitisha Masikio

Mume wangu walimwita Masikio, na jina hilo alilipata gerejini kabla sijamjua. Mafundi wengine walifungua injini ndipo wajue inaumwa nini. Yeye alichukua bisibisi ndefu, ncha akaiegemeza kwenye injini inayounguruma, mpini akauweka sikioni, akafumba macho. Kisha alitoa hukumu: silinda ya tatu, au pampu ya maji, au gari halina kitu, mgonjwa ni wewe dereva. Watu walicheka na kumwamini.

Mimi cherehani yangu ilikuwa pembeni ya gereji hiyohiyo, nashona vitambaa vya viti vya magari. Maneno yake kuhusu injini nimeyasikia kuliko mahubiri, Mungu anisamehe.

"Injini ya lita moja," alikuwa akisema, "wanaifungia turbo ivute gari la watu saba. Huyo ni punda mmoja kabebeshwa mizigo ya wanne. Atakimbia, sikatai. Mwulize hali yake baada ya miaka mitano."

Aliyembishia kila siku alikuwa fundi wa kompyuta, mwanamume wa makamo aliyetembea na mashine ya kuchomeka kwenye magari mapya ili yataje ugonjwa wao yenyewe.

"Mzee, hiyo ndogo inakunywa nusu ya mafuta ya hilo lako. Mlimani inakupita wewe bado unatafuta gia."

"Inanipita inakwenda wapi? Si inakuja kwako."

"Na haya ya umeme je?"

"Hilo ni friji lenye magurudumu. Likiumwa litalia kwa sauti gani?"

Basi gereji nzima ilikuwa ikicheka, na mimi nikicheka na sindano mdomoni.

Sijui masikio yake yalianza kufa lini. Nilichoona kwanza ni bisibisi. Badala ya kuuweka mpini sikioni, akawa anauuma kwa meno, anasema hivyo anasikia vizuri zaidi. Kwenye ibada akawa anasimama watu wakishasimama. Nyumbani nilimwita nikiwa nyuma yake, hakugeuka. Sikumwambia kitu. Nilianza kumgusa kiwiko mteja akimsemesha, na nikawa narudia maneno ya wateja kwa sauti kubwa, kama mwanamke mpenda kelele. Nilidhani ni upole. Mwanamume ambaye jina lake lenyewe ni Masikio, unaanzaje kumwambia?

Asubuhi moja alikuja dereva wa mikate na gari kuukuu la kubebea mikate la mwajiri wake, aina aliyoipenda sana mume wangu: injini nzito ya chuma, isiyo na waya wala kompyuta. Dereva yule alikuwa mtaratibu, anaishi na mama yake, na kila mara alituachia mkate mmoja.

"Mzee wangu, kuna kitu kinagonga nikikanyaga mafuta. Nikiachia, kinatulia."

Nilirudia maneno yake. Mume wangu akainua boneti, akauma mpini, akaniashiria nimwambie dereva akanyage.

Nami nilisikia. Miaka ishirini na sita pembeni ya injini, hata mshona viti anajifunza. Tapeti, vile vyuma vidogo vya juu vinavyosukuma vali, zikilegea hupiga mlio mwembamba, kama cherehani yangu. Huu ulikuwa mzito, wa chini kabisa, unaongezeka kila alipokanyaga. Ni beringi ya mkono wa pistoni imekwisha. Gari likigonga hivyo halitoki gerejini kwa miguu yake.

Mume wangu akautoa mpini mdomoni, akaufuta.

"Ni tapeti tu. Hii injini ni chuma, baba. Nenda kazini, uje Jumamosi nizikaze."

Fundi wa kompyuta alikuwa amesimama palepale na mashine yake, ambayo kwenye gari lile haikuwa na pa kuchomekwa. Akaniangalia. Pale gerejini hakuna aliyewahi kutoa neno juu ya neno la Masikio, lakini mimi ni mkewe, mimi ningeweza. Ningeweza hata kumnong'oneza dereva tu. Wateja wanne walikuwa wamekaa kwenye benchi wanatazama. Niliinama nikaendelea kushona.

Ilikuwa Jumatano. Alhamisi, kwenye mteremko wa kuingia mjini, mkono ule wa pistoni ulikatika ukatoboa ubavu wa injini. Oili ikamwagikia matairi, magurudumu yakagoma, gari likaenda mtaroni. Dereva wa mikate alifia palepale.

Mwenye gari alilileta likiwa linavutwa. Hakugomba. Alisema tu, "Nataka uione injini." Mume wangu aliingiza vidole vitatu kwenye lile tundu, akavitoa vyeusi. Akaja hadi kwenye cherehani.

"Wewe ulisikia siku ile?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Ilikuwa inagongaje?"

Nilimshika mkono nikaugongea kiganja chake kwa ngumi, polepole, kisha haraka, kama ilivyokuwa dereva akikanyaga. Aliniacha nigonge muda mrefu.

"Hiyo," akasema, "hata mtoto angeisikia."

Hakuniuliza kwa nini nilinyamaza. Alinawa mikono kwa petroli na sabuni, akavaa shati la ibada, akaniambia twende kwa mama wa marehemu. Atamwambia mwenyewe kwa kinywa chake kwamba amekuwa kiziwi na alilificha jambo hilo.

Mama yule alitukaribisha chumbani, akatuwekea vikombe vya chai. Mume wangu alisema yote, kwa sauti kubwa kupita kiasi, kama viziwi wanavyosema, hata majirani wakaja mlangoni. Mama alisikiliza akitazama mikono yake. Kisha akauliza, taratibu sana:

"Sasa hapo gerejini, hakuna hata mmoja aliyesikia?"

Mume wangu hakulisikia swali. Alinigeukia, kama alivyozoea, akingoja nilirudie kwa sauti.

Nimesali miaka yote nipewe ulimi mpole, na nikapewa.

"Mimi nilisikia, mama," nikasema. "Nilinyamaza ili mume wangu asiaibike."

Mama hakulia, wala hakutufukuza. Alinyanyuka akachukua vikombe vyetu vyote viwili, vikiwa bado vimejaa, akaenda navyo nje. Tukasikia, yaani mimi nilisikia, chai ikimwagwa chini. Mume wangu alikuwa bado ananitazama mdomoni.

"Amesema nini?" akaniuliza.